Jedwali la Kazi Zilizokatazwa: Wachina, Wachimbaji Wazungu na Mgomo wa 1907 huko Transvaal

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Mada niliyopewa ni migomo, matabaka na siasa ya kuwapinga wahamiaji wa Kichina katika jamii za kikoloni. Ningeweza kuanzia Australia, ambako mabaharia waligoma mwaka 1878 kwa sababu kampuni ya meli ilianza kuajiri Wachina kwa mshahara wa chini. Ningeweza pia kwenda Kanada, kwenye makaa ya mawe ya kisiwa cha Vancouver. Nimechagua Transvaal, koloni la Waingereza katika Afrika Kusini ya leo, kwenye dhahabu ya Witwatersrand kati ya 1902 na 1910, kwa sababu pale unaiona kazi yote kuanzia hesabu ya mwenye mgodi hadi kifungu cha sheria. Sababu ya pili ni kwamba wazee wetu wa Rungwe na Tukuyu walikuja kuyajua machimbo hayo kwa jina moja tu: Wenela. Wenela ni WNLA, wakala wa kuandikisha vibarua ulioundwa na wenye migodi mwaka 1900. Wakala huo ulitangulia Wachina, na Wachina walipoondoka wenyewe ulibaki.

Tuanze na hesabu. Asiyeielewa atadhani ugomvi wote ulikuwa wa rangi.

Mwenye kuuza mahindi, gharama zikipanda, hupandisha bei. Mwenye dhahabu wa wakati ule hakuweza. Bei ilikuwa imefungwa na mfumo wa fedha wa dunia kwenye takribani shilingi 85 za Kiingereza kwa aunsi, mvua inyeshe jua liwake. Na mbale ya Rand, yaani mawe ya dhahabu ya Witwatersrand (natumia neno la wachimbaji wetu wa Geita), ilikuwa nyingi mno lakini hafifu: tani nzima ya jiwe unaisaga, unapata gramu chache. Mshipa wenyewe ulizama chini kwa mshazari, kwa hiyo kila mwaka ulitakiwa kufukua zaidi, kuvuta maji zaidi, kununua baruti zaidi. Baruti, mashine na sianidi, dawa ya kuchenjulia dhahabu, vilikuwa na bei zake. Kitu pekee ambacho mwenye mgodi aliona anaweza kukibana ni mshahara, na si mshahara wa yeyote tu. Mzungu fundi alipata karibu pauni moja kwa zamu. Mwafrika alipata kama shilingi 50 kwa mwezi. Mafundi wazungu walikuwa wachache, wana kura inayokuja, na wana chama. Ukandamizaji ukaanzia chini.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokuwa vinaelekea ukingoni, wenye migodi walikubaliana kwa pamoja kushusha mshahara wa Mwafrika hadi kwenye shilingi 30 na kitu. Kilichofuata hakikuwa na bendera wala mwenyekiti, lakini mimi nakiita mgomo: watu hawakuja. Kulikuwa na kazi za ujenzi na reli zenye malipo bora, na kulikuwa na mashamba nyumbani. Kabla ya vita migodi ilikuwa na Waafrika karibu laki moja. Baada ya vita idadi ikakwama mbali chini ya hapo. Mwaka 1903 tume ya serikali ikatangaza kwamba migodi ina upungufu wa vibarua 129,000. Angalieni neno hilo "upungufu". Upungufu wa watu kwa mshahara upi? Wajumbe wawili, Quinn na Whiteside, waliliona hilo wakaandika ripoti yao ya wachache. Whiteside alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Lilikuwepo pendekezo jingine. Meneja wa mgodi wa Village Main Reef, jina lake Creswell, alijaribu kuwatumia wazungu wasio na ufundi kwenye kazi za kibarua, kwa shilingi 10 kwa siku. Alidai inawezekana. Wakubwa hawakulipenda, na mmoja wao, Percy Tarbutt wa Consolidated Gold Fields, alimwandikia kueleza kwa nini. Barua ile ikaja kujulikana hadharani wakati mjadala ukiwa moto. Maudhui yake, kwa maneno yangu: hofu iliyopo ni kwamba tukiwa na wazungu wengi kama vibarua, yatatukuta yale yaliyoikuta Australia. Tabaka la wafanyakazi litaungana, litakuwa na nguvu ya kuamuru mishahara, na serikali ya uwakilishi ikija litaamuru siasa pia kwa kura zake.

Barua hiyo ndiyo roho ya mhadhara huu. Mchina hakuletwa Transvaal kwa sababu ya unafuu wake tu. Aliletwa kwa sababu hana kura, hana chama, na mkataba wake una tarehe ya kumrudisha kwao. Mwajiri alikuwa anakwepa mgomo ambao haujatokea bado.

Wafanyakazi wazungu walilinusa hilo, na pua yao ilikuwa sahihi. Lakini upinzani dhidi ya Wachina haukuwa kundi moja. Walikuwemo mafundi wa migodi walioogopa kushushiwa mshahara. Walikuwemo wenye maduka wa Johannesburg, walioogopa kitu tofauti kabisa: Mchina atakayemaliza mkataba na kufungua duka jirani. Walikuwemo Makaburu, waliokuwa wameshindwa vita majuzi na wasiotaka kabila jingine lolote liongezeke. Ukiwa mwenye mgodi mjanja unawatenganisha, na ndivyo ilivyofanyika. Mwenye duka aliambiwa: Mchina atafungiwa kambini na kurudishwa kwao kwa nguvu, hatouza hata kiberiti. Fundi aliambiwa: tutaandika kwenye sheria kazi asizoruhusiwa kuzishika. Mwishoni mwa Desemba 1903 hoja ya Sir George Farrar, mwenye migodi, ikapita kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwa kura 22 dhidi ya 4. Baraza lenyewe lilikuwa la kuteuliwa. Waafrika, Wahindi na Wachina waliokuwa tayari wanaishi humo hawakuulizwa chochote.

Sheria ilitoka mwaka 1904, na tukiifungua tunakuta mkataba wa miaka mitatu, unaoweza kurudiwa mara moja. Kibarua anaishi kwenye kampaundi, yaani kambi ya mgodi iliyofungwa. Akitaka kutoka anapewa cheti cha ruhusa kisichozidi saa 48. Haruhusiwi kumiliki ardhi wala kufanya biashara. Mkataba ukiisha anarudishwa, na akikataa anafungwa kisha anarudishwa. Kila mmoja ana namba yake. Ndugu zangu wa Tanga na Morogoro nadhani wameshaanza kutabasamu: kama mnalijua neno manamba, la vibarua wa mkonge walioitwa kwa namba badala ya majina, basi mnaijua familia ya sheria hii.

Nyuma ya sheria kulikuwa na jedwali, yaani orodha ya kazi zaidi ya 50 alizokatazwa Mchina. Mhunzi, mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme, mchoraji rangi, mpiga lipu, mwendesha winchi, mtunza stoo, mtunza saa, karani, mnoa tindo, na mwendesha mashine ya kutoboa mwamba. Hata mfyatua matofali yumo! Kabla ya hapo ubaguzi wa kazi migodini ulikuwa zaidi desturi, na kifungu kimojakimoja kilichohusu mashine za mvuke au ulipuaji. Hii ilikuwa mara ya kwanza kupata orodha ndefu kama menyu ya hoteli, iliyoandikwa rasmi. Na walioiandika ni upande wa wenye migodi, kama malipo ya kuwanyamazisha wafanyakazi wazungu. Wafanyakazi wazungu wakaichukua kama ushindi. Mimi naona walipewa kamba ndefu.

Meli ya kwanza, Tweeddale, ilitia nanga Durban mwezi Juni 1904 ikiwa na watu karibu elfu moja, na kutoka hapo wakapakiwa kwenye treni hadi mgodi wa New Comet karibu na Boksburg. Wengi waliofuata walitoka kaskazini mwa China, Shandong na Zhili, wakipandia bandari kama Chefoo. Jumla walioandikishwa hadi mwisho ni zaidi ya 63,000, na mwanzoni mwa 1907 waliokuwa kazini kwa wakati mmoja walizidi 53,000.

Twendeni sasa chini ya ardhi, kwenye shimo moja tu la tindo.

Kwa kuwa jedwali lilimkataza Mchina mashine ya kutoboa, alipewa nyundo. Kwenye vichochoro vyembamba vya mshipa, ambako mtu hawezi kusimama wima, mashine kubwa za wakati ule zilikuwa shida kuingia, kwa hiyo nyundo ilifaa pia kwa mwenye mgodi. Kibarua anakaa au analala ubavu, mkono mmoja umeshika tindo, mwingine nyundo. Anapiga, anaizungusha tindo kidogo, anapiga tena, anamwaga maji kutoa unga. Kuna kipimo cha chini, na kipimo kilichotajwa sana kwenye migodi ile ni inchi 36 kwa zamu, ingawa kwa Wachina kulikuwa na migodi iliyoanza na inchi 24. Jioni msimamizi mzungu anakuja na fimbo ya kupimia. Ukifika kipimo, zamu yako inaandikwa. Usipofika, kadi yako inapigwa alama ya mvivu, na siku ile haipo: umeamka, umeshuka, umepiga nyundo saa kumi, na hukulipwa. Haijalishi kama mwamba wa upande wako ulikuwa mgumu kuliko wa jirani, au tindo uliyopewa ilikuwa butu (kumbukeni mnoa tindo ni mzungu, imo kwenye jedwali). Kipande cha siku 30 cha mashamba yetu ya mkonge kilifanya kazi kwa mtindo huohuo: mwezi haukwisha kwa kalenda, uliisha kwa zamu 30 zilizokubaliwa.

Mshahara wa mkataba ulikuwa shilingi moja kwa siku ya saa kumi. Lakini kulikuwa na kifungu kizuri, na kifungu kizuri ndicho kilicholeta kesi. Kilisema hivi: ikiwa baada ya miezi sita wastani wa mapato haujafika shilingi 50 kwa siku 30 za kazi, kiwango cha chini kitapanda hadi shilingi moja na nusu. Wastani, ndugu zangu, ni neno la hatari. Mkichanganya kwenye hesabu watu wanaopata zaidi, wastani unapanda na mtu wa nyundo anabaki palepale. Miezi sita ikatimia. Aprili 1905, kwenye mgodi wa North Randfontein, Wachina wakadai shilingi yao na nusu, menejimenti ikakataa. Walichofanya ni mgomo baridi. Hawakukataa kushuka. Walishuka, wakatoboa kiasi kidogo tu walichokubaliana wao kwa wao, wakaweka nyundo chini. Ukimfukuza mtu kazini huna pa kumpeleka, maana mkataba unakulazimisha umgharamie meli. Ukimfunga, jela inakula nguvu kazi yako. Polisi waliitwa, ghasia zikatokea, na mwisho ukapatikana muafaka uliolegeza hesabu ile.

Nawaomba mlitie hili akilini, kwa sababu magazeti ya wafanyakazi wazungu ya enzi ile yalimchora Mchina kama ng'ombe mpole aliyeletwa kuvunja migomo. Miezi isiyozidi kumi tangu treni ya kwanza iwashushe, walikuwa wameshapanga mgomo ambao chama cha wachimbaji wazungu kingeweza kujifunza kitu kwao. Hakuna aliyekwenda kuwauliza wameufanyaje.

Huko Uingereza mambo yalichukua sura nyingine. Vyama vya wafanyakazi vilijaza Hyde Park mwezi Machi 1904 kupinga kile kilichoitwa "utumwa wa Kichina". Kisha ikafichuka kwamba viboko vilikuwa vinachapwa kwenye kampaundi kwa idhini ya Lord Milner mwenyewe, mkuu wa utawala wa Kiingereza huko, kinyume cha sheria. Uchaguzi wa 1906 Waliberali wakatembeza picha za Wachina wamefungwa minyororo, wakashinda kwa kishindo. Walipoingia madarakani, waziri mdogo wa makoloni, kijana aitwaye Winston Churchill, akaliambia Bunge kwamba kuuita mkataba ule utumwa, kwa maana kamili ya neno, ni kutosema sawasawa kiistilahi. Ndiyo siasa! Na nasema kwa haki: kwenye mikutano ile walikuwepo waliomhurumia Mchina kwa dhati, na walikuwepo waliomchukia tu, na bango lilikuwa moja.

Kitu kidogo pembeni. Johannesburg kulikuwa pia na Wachina huru, wachache, wengi wauza maduka, ambao hawakuhusika na mikataba ya migodi. Serikali ilipotaka kuwasajili Waasia wote kwa alama za vidole, chini ya sheria ya 1907, Wachina hao wakiongozwa na Leung Quinn (si yule Quinn wa tume) waligoma kujisajili bega kwa bega na Wahindi wa Gandhi, wakaenda jela pamoja. Kwa hiyo muungano wa watu wa asili tofauti haukuwa ndoto isiyowezekana katika mji ule. Ulitokea mtaa wa pili kutoka ofisi za vyama vya wazungu.

Februari 1907 Transvaal ilipata uchaguzi wake wa kwanza na chama cha Makaburu, Het Volk, kikashinda. Louis Botha akawa Waziri Mkuu, Smuts akiwa msaidizi wake mkuu. Walikuwa wameahidi kuwaondoa Wachina. Wachimbaji wazungu wakajiona wamefika.

Mei mwaka huohuo, kwenye mgodi wa Knights Deep karibu na Germiston, menejimenti ikawaambia wachimbaji wazungu kwamba kuanzia sasa kila mmoja atasimamia mashine tatu za kutoboa badala ya mbili, na bei ya kazi ya mkataba inarekebishwa kwenda chini. Mzungu aliyeitwa "mchimbaji" wakati huo hakuwa anatoboa kwa mikono yake. Mashine zilishikwa na vibarua. Yeye alionyesha mahali pa tundu, akachaji baruti, akalipua. Mashine tatu badala ya mbili maana yake ni kwamba mzungu mmoja kati ya watatu hahitajiki tena. Maana yake nyingine ni vumbi. Mashine za wakati ule zilitoboa bila maji ya kutosha, na unga wa mwamba wa kwatsi ulikuwa unageuza mapafu kuwa jiwe. Mkaguzi wa serikali alikuwa ameshahesabu kwamba kati ya watobozi 1,377 wa mashine waliokuwa kazini kabla ya vita, 225 walikufa kati ya 1899 na mwanzo wa 1902. Kiongozi wa chama chao, Tom Mathews, naye alikuja kufa kwa ugonjwa huohuo. Madai yao, kwa hiyo, hayakuwa ya watu wenye kudeka.

Mgomo ukasambaa Rand nzima, zaidi ya wazungu 4,000 wakaweka zana chini. Na hapa ndipo uzio walioudai uliwageukia. Zana ziliwekwa chini na wazungu, lakini makumi ya maelfu ya Wachina na Waafrika walikuwa kampaundini, hawakuwa wanachama wa chama chochote, na mkataba uliwalazimu kushuka. Walikuwa wanaijua kazi. Mtu aliyeshika mashine miaka miwili mitatu, wa Shandong au wa Msumbiji, hahitaji kuelekezwa tundu liende wapi. Mameneja na wasimamizi wachache walishuka kutimiza sehemu ya sheria inayodai cheti cha mzungu kwenye ulipuaji, na kazi nyingine ikaendelea. Uzalishaji haukuanguka kama wagomaji walivyotarajia. Serikali ya Botha, ileile iliyoahidi kuwaondoa Wachina, ikaita wanajeshi wa Kiingereza kulinda migodi. Kisha migodi ikaajiri Makaburu maskini waliopoteza mashamba vitani, kwa mshahara wa chini kuliko wa Waingereza waliogoma. Hao walikuwa weupe, kwa hiyo jedwali halikuwahusu hata kidogo.

Baada ya wiki kadhaa mgomo ukafa. Mashine tatu zikabaki.

Watu huniuliza: wangefanya nini? Kuwaingiza Wachina chamani, pamoja na vikwazo vyote vya lugha na kampaundi, isingekuwa rahisi. Nakubali. Lakini kulikuwa na dai jepesi zaidi ambalo baadhi yao walilijua: kiwango kimoja cha mshahara kwa kazi moja, mfanyaji awe nani. Dai hilo lingemwondolea mwajiri faida ya kumleta mtu wa bei rahisi. Jedwali halikufanya hivyo. Jedwali lilimwachia mwajiri mtu wake wa bei rahisi, likamwekea tu mpaka wa jina la kazi. Na jina la kazi hubadilika kirahisi: leo "mtobozi wa mashine", kesho "msaidizi", na kazi ni ileile.

Mwezi mmoja baada ya mgomo kuanza, Juni 1907, Botha alitangaza kwamba sheria ya kuwaleta Wachina haitaendelezwa, Uingereza ikadhamini mkopo wa pauni milioni 5, na watu wakaanza kurudishwa mikataba yao ilivyokuwa inaisha. Kundi la mwisho liliondoka mapema 1910. Migodi haikufa, kama wenye migodi walivyokuwa wametishia. Mdororo wa uchumi na kodi vilikuwa vimeshawasukuma Waafrika kurudi, hasa kutoka Msumbiji, na Wenela iliwapokea kwa mshahara uleule wa kubana.

Jedwali nalo halikupanda meli. Mwaka 1911 Sheria ya Migodi na Kazi ilikuja na kanuni zake za vyeti, na safari hii aliyekatazwa hakuwa tena Mchina, alikuwa Mwafrika. Mwaka 1922 wenye migodi walipotaka kuwapunguza wazungu na kuwaweka Waafrika kwenye kazi za ufundi nusu, wachimbaji wazungu waligoma, mgomo ukageuka uasi wa silaha, ndege na mizinga vikatumika, watu kama 200 wakafa. Barabarani lilipita bango lililowaita wafanyakazi wa dunia yote waungane kupigania Afrika Kusini ya wazungu. Smuts, sasa Waziri Mkuu, ndiye aliyeuzima. Mahakama ilizitengua zile kanuni za rangi mwaka 1923, Bunge likazirudisha kwa sheria mwaka 1926. Baadaye kwenye sheria za migodi likakaa neno "mtu wa jedwali", kwa maana ya mtu anayeruhusiwa kupewa cheti cha ufundi mgodini. Neno hilo lilifutwa kwenye sheria za migodi mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati chama cha wachimbaji weusi, NUM, kilipokuwa kimeshawatoa kazini watu wapatao laki tatu kwa wiki tatu za Agosti 1987.

Maswali sasa, karibuni. Kipaza sauti kiko kwa ndugu yule pale nyuma.